Buti za Kumbeba Mama Scholastique

Siku ya mazishi yake, Muzee Nicolas alisimama wima, jambo lililokuwa limemshinda tangu mgongo uanze kumsumbua.

Kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa la Laurent, muuza nyama, aliyebeba pembe ya mbele ya sanduku. Ukitoka nyumba za mwisho za Nyakasanza upande ule kwenda makaburini, unakata bonde, na mvua zikishakolea bonde hilo si njia tena, ni uji. Potopoto, kama wanavyoita watu wa Bunia: nyeusi, nzito, inanata kama ugali wa muhogo, inaupokea mguu kwa heshima zote kisha inakataa kuurudisha. Laurent alichomoa mguu, buti yake ya mpira ikabaki. Akakanyaga na soksi, soksi nayo ikabaki. Baada ya hapo hakuwa na kitu kingine cha kuacha ila sanduku. Upande wa miguu ukashuka, ukazama, na Muzee Nicolas akasimama katikati ya bonde ndani ya mbao zake, akiwatazama waombolezaji kutoka juu. Kwaya ilikuwa imefika kwenye pumziko la milele. Haikujua inyamaze au iendelee. Iliendelea.

Watu walijizuia kwa kadiri Mkristo anavyoweza kujizuia. Kisha Mama Micheline wa mtaa uleule akasema, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Muzee anataka kutoa hotuba," na bonde zima likaangua kicheko.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mama Scholastique, aliyekuwa ameketi juu ya mteremko kwenye kiti cha plastiki kwa sababu miguu yake iliyovimba haikuwa ikikubali kushuka. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamponyoka. Lakini alipofika nyumbani akanyamaza, na Mama Scholastique akinyamaza mtu anapaswa kuwa na wasiwasi.

Huyu mama alijulikana kwa ulimi. Alikwisha kuwajibu mapadri, wauguzi na askari wa vizuizini, na wote walimwachia njia. Alipokimbia Djugu, mwaka ule wa mapanga, alifika Bunia mguu mmoja una buti na mwingine hauna. Mwenye kuandikisha wakimbizi akamuuliza kiatu cha pili kiko wapi. "Nimekiacha kule kilinde shamba," akajibu.

"Fiacre," alimwita mwanawe wakiwa wanakula. "Uliona Nicolas?"

"Niliona, mama."

"Alijibu nini?"

Fiacre akaacha kutafuna. "Mutu amekufa, mama, atajibu nini?"

"Voilà. Micheline anamusema mbele ya batu yote, na yeye anabaki kimya. Muzee wa heshima vile." Akasukuma sahani. "Miye siogope kufa. Kufa ni kazi ya Mungu, atajua mwenyewe namna ya kuifanya. Miye naogopa banicheke na miko pale, na sina kinywa ya kuwajibu."

Muuguzi alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba moyo wa mama umechoka, na kwamba miguu ile haivimbi bure. Mama alikuwa amemjibu muuguzi kwamba moyo ukichoka ukae chini, yeye ana shughuli.

"Weye ni kwado," mama akaendelea. Kwado ni fundi wa kuziba pancha, na kibanda cha Fiacre, chenye beseni lake la maji na mlima wa mipira ya ndani iliyokufa, kilikuwa pale kando ya barabara kila mtu akikiona. "Kazi yako ni mipira. Bote ni mupira. Utatengeneza bote yenye haibaki mu potopoto, na balume bane ya kuivaa. Ukiniangusha pale, nitafufuka, nikupige kofi, kisha nirudie kufa."

Basi Fiacre akaanza kazi.

Wanaume hawakuwa shida kupatikana, maana aibu ilikwisha kuwakusanya. Laurent alikuja wa kwanza: tangu mazishi yale, wateja walikuwa wakimwambia aifunge nyama vizuri isije ikamponyoka. Katsuva alikuja na buti zenyewe, kwa sababu ndizo alizouza dukani kwake, na mji mzima sasa ulikuwa ukisema buti za Katsuva zinapenda matope kuliko miguu. Wa tatu alikuwa Théodore, katekista, mrefu kama mlingoti wa redio, aliyebeba nyuma siku ile na kurudi nyumbani na suruali ya Jumapili imegeuka rangi mpaka kwenye mkanda. Fiacre mwenyewe alikuwa wa nne. Katsuva alikuwa mfupi, kwa hiyo ilijulikana tangu mwanzo kwamba sanduku lolote litakalobebwa na watu hawa litakwenda likiinama upande wake, kama linataka kumnong'oneza jambo.

Fiacre aliigeuzageuza buti ya Laurent kwa muda mrefu. Tatizo halikufichika: shingo ya buti ni pana kama kikombe, kisigino kinapanda, buti inabaki. Akajaribu kuifunga kamba juu ya kifundo, Laurent akalalamika kwamba vidole vimelala. Akajaribu mkanda wa ngozi, ukakatika. Kisha akatazama tairi la baiskeli lililokuwa limening'inia mlangoni. Tairi halifungwi kamba kwenye ringi, wala halipigwi msumari. Kinacholishikilia ni hewa.

Akakata mpira wa ndani wa baiskeli, akaufanya pete, akaubandika ndani ya shingo ya buti kwa gundi ya pancha, na valvu akaitokeza nje. Ukivaa, unapigwa pampu, pete inavimba, buti inakukamata kifundo kama polisi wa barabarani. Kujua kama maji yanaingia, alifanya anavyofanya siku zote: akaizamisha buti ndani ya beseni, akakodoa macho akitafuta mapovu, palipotoka povu akaweka kiraka. Zilipomaliza kutoa mapovu, wakashuka bondeni. Mama Scholastique akabebewa kiti chake mpaka juu ya mteremko asimamie.

Théodore aliingia kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na imani kuliko wote. Alikwenda vizuri, kisha akasimama.

"Toa muguu," Fiacre akamwambia.

"Natoa."

"Utoe basi."

"Fiacre, ndugu yangu, natoa. Ni yeye anakatala."

Buti haikuchomoka, hilo halikuwa na ubishi. Ila na Théodore pia hakuchomoka. Zamani matope yalikuwa yakichukua buti na kumwachia mtu. Sasa yalikuwa yamechukua vyote viwili kwa pamoja.

"Toa mupepo!" Katsuva akapiga kelele kutoka ukingoni. "Fungua valvu!"

"Valvu iko chini," akasema Théodore kwa utulivu wa mtu aliyezoea kungojea ufalme. "Chini kabisa."

Walimvuta kwa kamba ambayo Laurent alikuwa akifungia ng'ombe. Katekista alitoka kifudifudi, polepole, buti zote mbili miguuni, na mdomo umejaa.

"Théodore," Mama Scholastique akamwita kutoka juu, "ubatizo ya kuzamisha mutu muzima ni ya kanisa ingine. Padri anajua?"

Siku kadhaa Fiacre alizunguka na swali moja. Matope yanashikilia nini? Jibu lilimjia kutoka kwenye beseni lake mwenyewe. Alikuwa ameliweka kwenye tope mbele ya kibanda, mvua ikanyesha, na alipotaka kuliinua likagoma kana kwamba limeota mizizi. Akaliinua ukingo kidogo, hewa ikapita chini yake, likaja lenyewe. Fiacre akabaki amelishika, mteja aliyeleta pikipiki akidhani anasali.

Kumbe matope hayashiki. Yananyonya, kama mtoto. Yape hewa, yatakuachia.

Akachukua mpira wa kupitishia petroli kwenye pikipiki, akaubandika nyuma ya kila buti kuanzia gotini mpaka kisiginoni, tundu la chini likitokea kwenye soli. Ukivuta mguu, hewa inashuka na kuingia chini ya unyayo. Ili matope yasipande humo unapokanyaga, akaliziba tundu la chini kwa ulimi mdogo wa mpira, unaofunguka kwa hewa ya kutoka juu na kujifunga kwa uchafu wa kutoka chini. Akaridhika sana na ule ulimi.

Safari hii Katsuva ndiye aliyetangulia, Laurent nyuma yake. Mfanyabiashara akakanyaga, akazama hadi ugokoni, akavuta mguu. Mguu ukaja, buti ikaja, na kutoka chini ikaja sauti: prrrrt.

Katsuva akageuka akamtazama Laurent.

"Si miye," akasema Laurent.

Katsuva akavuta mguu wa pili. Prrrrt.

"Ni bote," Fiacre akaeleza kutoka pembeni. "Ule ulimi unatetemeka mupepo ikipita."

"Kila mutu anasemaka vile," akajibu Katsuva.

Lakini alivuka. Alivuka bonde zima, akarudi, akavuka tena, akiacha nyuma yake mlio kama wa mkutano wa wazee baada ya maharagi, na hakukwama hata mara moja. Laurent naye alivuka, na Théodore, na wakakumbatiana ng'ambo ya pili kama watu waliovuka bahari.

Ikabaki kujaribu na mzigo. Fiacre alikuwa ametayarisha mifuko ya mchanga, ila mama akaikataa. "Mufuko ya muchanga haitajua kama munainamisha kichwa. Miye nitajua." Wakaung'oa mlango wa kibanda, wakamlaza yeye juu ya mlango, wakauinua mabegani. Manyunyu yalikuwa yakianguka, na kwa sababu hawakutaka apate kikohozi wakamfunika kitenge kutoka miguuni mpaka kichwani.

Hakuna kati yao aliyefikiria jambo hilo linaonekanaje kwa mtu anayetazama kutoka dirishani.

Hawakuwa wamefika mwisho wa mtaa, kilio cha kwanza kikapasuka. Cha pili kikajibu. Wanawake wakatoka wakiwa na unga mikononi, mmoja akiwa na mtoto aliyepakwa sabuni. Mwanamume mmoja akafunga duka lake, mwingine akaanza kukusanya kuni za matanga kabla hajamaliza kuuliza nani amekufa. Théodore alifumbua mdomo aeleze, lakini sura ya katekista aliyelowa mvua akiwa amebeba mtu aliyefunikwa huwa haihitaji maelezo, na wakazidi kulia.

"Tusimame," Fiacre akanong'ona. "Tuwaambie."

Mkono ukatoka chini ya kitenge, ukamfinya sikio. "Endelea," mama akasema taratibu. "Nataka kusikia Micheline."

Na Micheline alisikika. Alikuja mbio kitambaa mkononi, akajitupa chini, akasimama, akajitupa tena mahali pasafi kidogo. "Scholastique, dada yangu, umeniacha na nani? Nitagombana na nani?" Hilo lilikuwa swali la kweli, na watu waliokuwa karibu wakatikisa vichwa kwa huruma.

Wakashuka bondeni, mtaa mzima nyuma yao. Laurent akavuta mguu. Prrrrt. Kilio kikapungua. Katsuva, prrrt. Théodore, sauti nzito zaidi, ndefu, yenye utaratibu. Kilio kikasimama kabisa, na katika ule ukimya Mama Micheline hakuweza kujizuia.

"Maskini," akasema. "Hata kufa, haiache maharagi."

Kicheko kilikuwa kikianza kupanda pale mlango ulipotikisika, kitenge kikafunuliwa, na Mama Scholastique akaketi.

"Maharagi ni yako, Micheline," akasema. "Ile uliniletea juzi. Haikuiva."

Watu walikimbia kila upande. Wengine walikimbilia matopeni, wakaacha viatu humo. Mwenye kuni alizitupa zote. Na katikati ya kizaazaa hicho wabebaji wanne, ambao wenyewe walishtuka mno mlango ulipotikisika, hawakuanguka, hawakuinama, hawakupoteza hata buti moja. Unga na kuni zilizokuja siku hiyo, mama alikataa kuzirudisha. Alisema yeye hakumwomba mtu alie.

Fiacre aliamini kazi imekwisha. Lakini usiku ulipokaribia, mama alimwita kitandani, na uso wake ulikuwa ule wa siku ya Nicolas.

"Leo nilimujibu," akasema. "Siku ile yenyewe, je? Bote itapiga ile makelele, Micheline atasema neno yake, na miye nitakuwa nimelala kama mufuko ya simenti. Fiacre, niliomba usiniangushe. Na kuchekwa pia ni kuanguka."

Kwa hiyo akarudi kwenye beseni. Alijaza sifongo la godoro ndani ya mpira wa hewa: buti zikanyamaza kama watawa, na Laurent akanasa hapohapo, kamba ya ng'ombe ikatafutwa. Akafanya ulimi mzito zaidi: haukufunguka. Akafanya mwembamba: ukapiga filimbi. Akauondoa kabisa: matope yakapanda mpaka gotini na Katsuva akarudi dukani na uji ndani ya soksi. Kila alipoipunguza sauti, hewa ilipungua pamoja nayo, na hewa ikipungua matope yananyonya. Mvua zilikuwa zimekaza. Mama hakuwa akiketi tena kwenye kiti. Alikuwa akilala na mito mitatu, akihema kama amepanda mlima, na ulimi wake peke yake ndio ulikuwa bado unatembea.

Fiacre akaenda kumwambia. Hakujua namna ya kulipamba jambo lile, akalisema lilivyo.

"Mama, nimeshindwa. Bote yenye inanyamaza, inanasa. Yenye hainase, inasema. Mbili pamoja, siwezi."

Mama alijiinua juu ya mito yake. Kisha akasema, "Leta ile yenye inasema. Na ndoo ya potopoto."

"Humu ndani?"

"Ni nyumba yangu."

Fiacre akaleta. Mama akaingiza mkono ndani ya buti kama mtu anayevaa glavu, akaikandamiza kwenye matope ya ndoo, akavuta. Prrrrt. Akasikiliza. Akarudia.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Théodore."

"Iko na sauti ya padri," akasema, na kicheko kikamshika mpaka Fiacre akaogopa, akamwinua mgongo, akampa maji. Alipopata pumzi, macho yake yalikuwa yamebadilika. Fiacre aliyajua macho yale tangu utotoni; yalikuwa yakitokea kila mama alipopata jibu kabla mtu hajamaliza kutukana.

"Acha sifongo," akasema. "Acha zote ziseme."

"Mama, batacheka."

"Bacheke. Micheline atafungua kinywa, na bote itamujibu. Atasema tena, itamujibu tena. Atagombana na bote? Atashindwa. Na miye nitakuwa nimelala zangu." Akavuta buti kwa mara nyingine, ameinamisha kichwa kama fundi wa gitaa. "Leta ya Laurent. Ile siku ilikuwa nyepesi sana, kama ya mutoto. Mutu munene vile. Ongeza mupira."

Ikawa ndiyo kazi yao, mvua ikipiga mabati. Fiacre alikata ndimi za mpira, nene na nyembamba, mama akazisikiliza moja moja kutoka kitandani, akaikubali hii, akaitukana ile. Ya Laurent ikapata uzito. Ya Katsuva, mama aliomba iwe fupi na ya ghafla, kama mtu anayekataa kukopesha. Kuhusu buti za Fiacre mwenyewe alisita.

"Yako iwe ya chini," akaamua. "Utakuwa unalia. Usiharibie wengine."

Alikufa katikati ya masika, asubuhi, akiwa amekwisha kumkosoa muuguzi.

Siku ya kumzika, mtaa wote ulikuwepo, na kwanza walimgusa. Mama Micheline aliomba sanduku lifunguliwe tena, akautazama ule uso kwa makini, akapulizia kidogo kwenye kope, akarudi nyuma hajaridhika. Fiacre alizijaza pete kwa pampu mbele ya watu, kifundo baada ya kifundo. Wakainua. Sanduku likainama kwa Katsuva.

Ukingoni mwa bonde kwaya ilikaza nyuso. Kila mtu alijua kinachokuja, na kila mtu alikuwa ameapa moyoni kwamba si yeye atakayeanza. Laurent akakanyaga, akavuta. Ilikuwa sauti nene, iliyokomaa. Wanawake wakainamisha vichwa. Théodore akajibu kwa ile yake ya kipadri, Katsuva akakataa kukopesha, na Fiacre, machozi yakimdondoka mpaka kidevuni, akasikia yake ikipita chini ya zote. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamefika katikati, pale aliposimama Nicolas, na matope yaligonga magoti.

Mama Micheline, aliyekuwa akivuka kando yao ameshikiliwa na wanawake wawili, alikuwa akilia kwa kweli, bila kuchagua mahali.

"Scholastique," akaanza.

Prrrrt, ikasema ya Laurent.

Akajifuta pua, akangoja kidogo. "Nilitaka tu kusema kama weye na miye—"

Ya Théodore ikamkata, ndefu, bila haraka.

"Munaona?" Micheline akawageukia wanawake waliomshika. "Munaona huyu mwanamuke? Haniache hata nimalize ku—"

Katsuva. Fupi.

Micheline akafumba mdomo. Akafumbua. Akatazama lile sanduku lililokaa juu ya mabega, likienda zake, halitikisiki, na mabega yake mwenyewe yakaanza kutetemeka. Alicheka akilia, akasahau kunyanyua miguu, akaketi chini matopeni na wale wanawake wawili juu yake. Hapo bonde lote likaachia. Kwaya ilicheka kwa sauti zake nne. Padri aligeuza kitabu akakiweka usoni. Na wabebaji hawakusimama, kwa kuwa Fiacre alikuwa amewaonya kwamba ukisimama unaanza kuzama, wakapanda ng'ambo ya pili hatua kwa hatua, kila mguu ukijibu, mpaka ardhi ilipokuwa ngumu na buti zikanyamaza zenyewe.

Walimshusha taratibu kando ya shimo. Fiacre akapitisha mkono chini ya mbao, kichwani na miguuni. Hapakuwa na tone la matope.

Nyuma yao Mama Micheline alikuwa bado bondeni, ameketi, akibishana na wanaotaka kumwinua.

"Muniache," alikuwa akisema. "Kiatu yangu iko humu ndani."